Fuvu la mbuzi kutoka buchani hadi rafuni: kwa nini kuchemsha na Jik huliharibu

Kila baada ya Idd ya kuchinja, na tena msimu wa Krismasi, vichwa vya mbuzi hujaa kwenye mabucha, na kati ya wanunuzi huwapo wachache wasiovitaka kwa supu. Mwalimu wa biolojia anataka kuwaonyesha wanafunzi meno ya mnyama anayecheua. Mchoraji anataka umbo la kuchora. Mwenye mgahawa anataka kitu cha kutundika ukutani. Wote huuliza swali moja, na mara nyingi hupewa jibu moja: chemsha kichwa mpaka nyama iachie, kisha loweka fuvu kwenye Jik litoke jeupe.

Wiki ya kwanza jibu hilo huonekana sahihi kabisa. Fuvu linang'aa, halina harufu, kila anayeliona analisifia. Baada ya miezi kadhaa mambo hubadilika. Mabaka ya njano hujitokeza kwenye paji na kwenye taya la chini. Ukilishika, unga mweupe unabaki vidoleni. Meno yamepasuka kwa urefu, na siku za joto harufu ya mafuta yaliyochacha inarudi. Aliyelisafisha hudhani hakuchemsha vya kutosha au Jik ilikuwa kidogo, na fuvu linalofuata analichemsha zaidi.

Nimeona mafuvu mengi yakiishia hivyo na huniuma, kwa sababu kichwa kimoja cha mbuzi kikisafishwa vizuri kinaweza kufundisha darasa zima kwa miaka mingi. Wanaoharibu mafuvu hawafanyi uzembe. Wanauchukulia mfupa kama sahani: kitu kigumu chenye uchafu juu yake, ambacho ukikisugua kwa nguvu zaidi kinatakata zaidi. Mfupa haukuumbwa hivyo, na ukishajua umeumbwaje, karibu kila hatua ya kazi hii inajieleza.

Vitu viwili ndani ya mfupa mmoja

Mfupa mkavu, kwa uzito, ni kama theluthi mbili madini, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni protini. Madini hayo ni ya kalsiamu na fosfeti, nayo huupa mfupa ugumu. Protini ni kolajeni, nyuzi zinazoufanya usivunjike ovyo. Mwalimu anaweza kuvitenganisha darasani kwa vitu vya jikoni. Mfupa wa paja la kuku ukilowekwa kwenye siki kwa siku kadhaa hulainika hadi ukapindika: asidi imeyeyusha madini, kolajeni imebaki. Mwingine ukiwekwa kwenye makaa mekundu mpaka ukawa mweupe, umbo lake halibadiliki, lakini ukiubonyeza unasagika: moto umeila kolajeni, madini yamebaki. Mfupa ulio imara unahitaji vyote viwili.

Sasa angalia supu ya mifupa iliyolala. Asubuhi unaikuta imeganda, sufuria ukiitikisa nayo inatikisika. Kilichoigandisha ni kolajeni, ambayo moto umeigeuza jelatini na kuitoa kwenye mifupa na kano. Kwa mlaji hiyo ni faida. Kwa anayetaka fuvu, kilichohamia kwenye sufuria ndicho kilichokuwa kimeushika mfupa. Na madhara ya kuchemsha hayaishii hapo. Joto huyeyusha mafuta na kuyaingiza ndani zaidi ya vitundu vya mfupa, ambako baadaye hutoka polepole na kufanya yale mabaka ya njano. Jino nalo lina tabaka la nje na la ndani yasiyotanuka kwa kiwango kimoja, kwa hiyo hupasuka.

Jik ina habari yake. Dawa iliyomo ni haipokloriti ya sodiamu, na kazi yake ni kushambulia vitu vilivyotokana na viumbe hai, protini ikiwemo. Haichagui kati ya doa na kolajeni. Ikishazama kwenye vitundu vya mfupa, kusuuza mara moja au mbili hakuitoi yote, na uso wa mfupa hugeuka chaki. Unga ule unaobaki vidoleni ni mfupa wenyewe unaokwisha.

Hapa ndipo kazi inapokuwa ngumu. Nyama ni protini, na kolajeni ni protini. Tunataka kuiondoa ya kwanza na kuiacha ya pili, wakati dawa kali inakula zote. Kinachotuokoa ni kwamba kolajeni ya mfupa imefungiwa ndani ya madini, na bakteria humaliza mnofu, ubongo na kano kitambo kabla ya kuifikia. Kuna kipindi ambacho nyama imekwisha na mfupa bado haujaguswa, na kusafisha fuvu vizuri ni kulitoa ndani ya kipindi hicho. Ndiyo maana njia nzuri ni za polepole. Ndiyo maana pia fuvu halisahauliwi kwenye ndoo mwaka mzima.

Kichwa kipi kinafaa

Nunua kichwa kibichi kwa mchinjaji, cha mnyama aliyekaguliwa na nyama yake kupigwa muhuri. Mwambie mapema asikibabue wala asikipasue. Kichwa cha supu kwa kawaida hubabuliwa manyoya motoni, kisha hupasuliwa kwa shoka ili ubongo utoke, na kikishapita huko hakuna cha kuokoa. Anza na mbuzi au kondoo. Kichwa cha ng'ombe ni kikubwa kwa ndoo ya nyumbani, na cha nguruwe kina mafuta ya kumkatisha mtu tamaa.

Mnyama aliyejifia usimguse, awe wa kufugwa au wa porini. Kimeta huua ghafla, na mara nyingi mzoga hutokwa damu isiyoganda puani, mdomoni au nyuma. Mwaka 2004 kiliua viboko wengi katika Hifadhi ya Queen Elizabeth nchini Uganda, na mwaka 2015 nyati katika Hifadhi ya Ziwa Nakuru, Kenya. Mbegu za bakteria wake hukaa kwenye udongo kwa miongo mingi, na hakuna sabuni wala dawa ya kung'arisha mifupa unayoweza kuitegemea kuziua. Mzoga wa namna hiyo haufunguliwi. Anaitwa daktari wa mifugo. Kichwa cha mbwa nacho kiache, maana virusi vya kichaa cha mbwa hukaa kwenye ubongo na mate.

Kisha kuna sheria, na hili naomba lisomwe taratibu. Mtu akiokota fuvu la swala au digidigi shambani kwake hudhani ni lake kwa kuwa hakumuua mnyama. Sivyo. Tanzania, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inaliweka kwenye nyara za Serikali, na kesi za nyara huangukia pia kwenye uhujumu uchumi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria yake ya wanyamapori ya mwaka 2013, ilipotungwa, ilimtoza anayekutwa na nyara bila kibali faini isiyopungua shilingi milioni 1, au kifungo kisichopungua miaka 5, au vyote. Meno, pembe, mfupa, kucha, vyote vimo. Fuvu la mnyama wa porini linaachwa lilipo, na askari wa wanyamapori anaarifiwa. Wanaoishi ng'ambo na wanaotaka kubeba hata fuvu la mbuzi kwenye ndege waulize kwanza masharti ya afya ya mifugo, kule wanakotoka na kule wanakokwenda.

Kama unaishi nyumba ya kupanga, waambie wapangaji wenzako kabla hujaanza. Mifupa iliyofichwa nyuma ya nyumba huzua maneno ya uchawi upesi sana, na kwetu watu wamedhurika kwa tuhuma hizo. Waeleze unachofanya, waonyeshe ndoo, waambie itakaa muda gani.

Maji, joto na subira

Njia ninayoipendekeza kwa mtu wa nyumbani ni kuozesha kwenye maji. Haina gharama, na kosa dogo haliharibu kila kitu.

Vaa glovu, funika mikwaruzo yote mikononi, na hakikisha chanjo yako ya pepopunda haijapitwa na wakati. Chuna ngozi, toa macho na ulimi, tenganisha taya la chini, kata minofu mikubwa ya mashavu. Vipande vilivyogandamana na mfupa viache. Kisu kikikwaruza mfupa, alama yake haifutiki, na bakteria wataifanya kazi hiyo bila kuacha mkwaruzo. Ubongo hutolewa kupitia tundu kubwa la nyuma ambamo uti wa mgongo huingilia: uvuruge kwa kijiti chembamba, kisha sukuma maji kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Rudia mpaka yatoke bila mabonge.

Weka fuvu kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Ya chuma haifai, kutu yake hupaka mfupa madoa ya kahawia. Maji yalifunike fuvu lote, kwa sababu sehemu inayobaki nje hukauka na nyama yake ikashikamana. Kesho yake maji yatakuwa mekundu. Yamwage yote, jaza mengine. Kuanzia hapo hubadilishi maji yote kwa mara moja. Kila baada ya siku chache mwaga nusu tu, maana ndani ya ile nusu inayobaki wamo bakteria wanaokufanyia kazi. Usitie sabuni, chumvi wala dawa yoyote, utawaua.

Bakteria hawa hufanya kazi vizuri maji yakiwa na joto la nyuzi 30 hadi 37 za Selsiasi. Ulaya watu hununua hita za matangi ya samaki ili kulipata joto hilo. Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, ndoo nyeusi ikiota jua mchana inakaribia hapo bure, na fuvu la mbuzi linaweza kuwa tayari kwa wiki mbili hadi nne. Limuru au Njombe hesabu miezi, na huko inalipa kuiweka ndoo mahali penye jua na kuifunika kwa gunia usiku.

Harufu ni kali, na hakuna cha kuifanya isiwepo. Weka ndoo mbali na madirisha, upande ambao upepo hauji nyumbani. Toboa tundu dogo kwenye mfuniko ili gesi itoke, na ulizibe kwa kitambaa cha chandarua ili nzi wasiingie. Maji machafu yamwage chooni kwenye shimo au chini ya mti ulio mbali na kisima, kamwe si kwenye sinki la vyombo.

Kila unapomwaga, pitisha maji kwenye chujio. Mbuzi mzima ana meno 32. Mbele chini kuna 8, mbele juu hakuna hata moja, pana ufizi mgumu tu, na nyuma kuna magego 6 kila upande wa kila taya. Yale 8 ya mbele yana mzizi mmoja mmoja, kwa hiyo ufizi ukioza huchomoka yenyewe, na asiyetumia chujio huyamwaga. Piga picha ya taya kabla hujaanza ili ujue baadaye kila jino lilikaa wapi. Kama mbuzi alikuwa mdogo, fuvu lenyewe huachana kwenye ile mishono ya mapindipindi inayounganisha mifupa ya kichwa. Hilo si kuharibika. Okota vipande vyote, vitaunganishwa kwa gundi.

Lini utoe? Pale ambapo hakuna uzi wa nyama unaoonekana, kano za kwenye kiungo cha taya zimeachia, na maji unayoyasukuma kwenye tundu la ubongo yanatoka maangavu. Toa hapo hapo. Sugua kwa mswaki laini, isipokuwa ndani ya pua. Humo mna vijifupa vyembamba vilivyojikunja, vinavyopitisha mwanga ukiviangalia dhidi ya jua, na mswaki huvisagasaga. Mimina maji tu.

Wapishi wa pwani watauliza kuhusu papai bichi, kwa kuwa ndilo wanalolitumia kulainisha nyama ya mishkaki. Wazo ni la kweli: kimeng'enya kilichomo, papaini, kimetumika kwenye maabara za anatomia kusafishia mifupa. Lakini maabara hupima kipimo, joto na saa. Nyumbani papaini inakipunguza kile kipindi kati ya nyama kwisha na mfupa kuanza kuliwa, na wewe huna namna ya kujua kimekwisha lini. Liache papai kwa mishkaki.

Wadudu, udongo na jua

Makumbusho makubwa hayatumii maji kwa kila kitu. Mafuvu madogo, ya popo na panya kwa mfano, hupewa wadudu wa jamii ya Dermestes, ambao mabuu yao yenye manyoya hula nyama iliyokaukia mfupani bila kugusa hata kile kijifupa chembamba cha puani. Mwaka 1933 watafiti wawili wa California, E. Raymond Hall na Ward C. Russell, waliandika namna ya kuwafuga kwa kazi hiyo, na tangu hapo makumbusho mengi duniani yana chumba chao. Muuza samaki wakavu anawajua wadudu hawa kwa sura nyingine kabisa. Dermestes maculatus ndiye huyo huyo anayetoboa samaki waliokaushwa kwenye maghala ya Afrika na kuwatia hasara wavuvi na wachuuzi. Ndiyo maana siwashauri watu kuwafuga nyumbani. Wakitoroka, watakula samaki, ngozi, sufu na chochote kilichokauka ndani ya nyumba yako na ya jirani.

Kuzika kunavutia kwa sababu hakuna harufu. Ila udongo hupaka mfupa rangi ya chai, mizizi huchora mistari juu yake, na mbwa hufukua. Vijifupa na meno hupotea. Ukilazimika, funga fuvu kwenye wavu wa plastiki kabla ya kulifukia na uweke jiwe zito juu.

Kuanika juani ndiyo njia ambayo watu huiamini kuliko inavyostahili, labda kwa sababu tumezoea kuona mifupa myeupe mbugani. Mwaka 1978 mwanasayansi Anna K. Behrensmeyer alichapisha utafiti wake wa mifupa iliyolala juu ya ardhi huko Amboseli, na akaipanga kwa madaraja kutoka 0 hadi 5. Daraja la 0 ni mfupa mzima. Daraja la 1 nyufa zimeanza, zikifuata mwelekeo wa nyuzi za mfupa. Daraja la 5 mfupa unamomonyoka hapo ulipo, na mingine ilifika huko ndani ya miaka 6 hadi 15. Nyufa za kwanza zinaweza kuonekana ndani ya miaka 3. Mifupa iliyokaa kivulini na penye unyevu ilidumu zaidi. Weupe wa mfupa wa mbugani, basi, unakuja pamoja na kuchakaa kwake. Wiki ya jua haitaliua fuvu lako, lakini paa la nyumba si mahali pa kulisahau.

Mafuta kwanza, weupe baadaye

Fuvu likitoka kwenye ndoo halina nyama, lakini bado lina mafuta ndani ya mfupa. Watu wengi huiruka hatua hii, na ndiyo inayoamua fuvu litakuwaje baada ya mwaka.

Tumia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ile inayokata mafuta, ndani ya maji ya vuguvugu. Maji yasichemke, yawe ya joto ambalo mkono unaweza kulivumilia kwa muda mfupi. Dumu jeusi lililokatwa mdomo na kuwekwa juani litayapasha kila mchana bila kuni wala gesi. Badilisha maji yanapokuwa na ukungu au utando juu yake. Fuvu la mbuzi linaweza kutaka wiki kadhaa, la nguruwe miezi. Kuna wanaotumia asetoni, ambayo huyeyusha mafuta vizuri lakini mvuke wake hushika moto kwa mbali. Kwa nyumba yenye jiko la mkaa au la gesi, sabuni na subira ni bora mara kumi.

Namna ya kujua mafuta yamekwisha ni kulikausha fuvu kwa wiki moja kivulini kisha kuliangalia upande wa jua. Mfupa usio na mafuta ni mkavu, hauna mng'ao, na rangi yake ni moja. Sehemu yenye mafuta inaonekana kama imelowa hata ikiwa kavu, hasa nyuma ya fuvu na pembeni mwa taya la chini. Ukiiona, rudi kwenye sabuni.

Baada ya hapo tu ndipo weupe unaingia. Dawa yake ni haidrojeni peroksaidi, ya asilimia 3, ile inayouzwa famasi kwa kusafishia vidonda. Yenyewe huvunjika na kubaki maji na oksijeni, haiachi kitu kinachoendelea kuula mfupa. Loweka kwa siku moja au mbili kwenye chombo cha plastiki. Utaona povu likitoka mfupani, hiyo ni oksijeni, kwa hiyo chombo kisifungwe kabisa kisije kikapasuka. Fuvu hupenda kuelea. Liwekee kitu cha plastiki au kauri cha kulizamisha. Ile peroksaidi kali ya asilimia 30 na zaidi inaunguza ngozi na inaweza kumpofusha mtu, na fuvu la mbuzi haliihitaji. Kamwe usichanganye peroksaidi na asetoni, wala usiitie kwenye chombo kilichokuwa na asetoni: vinaweza kutengeneza kitu kinacholipuka. Na siki usiiweke karibu, unakumbuka ilichoufanyia mfupa wa kuku.

Ukilitoa, suuza na ulikaushe kivulini penye upepo, bila haraka. Jua kali kwenye fuvu lililolowa hupasua meno, hata yale yaliyonusurika yote ya mwanzo. Litakuwa na rangi ya maziwa mazito, si nyeupe ya karatasi. Hiyo ndiyo rangi ya mfupa wenye kolajeni yake, na mimi naiona nzuri kuliko ile nyeupe ya chaki.

Pembe na meno

Pembe ya mbuzi ni vitu viwili. Ndani kuna kiini cha mfupa kilichoota kutoka kwenye paji, chenye vyumba vya hewa vinavyoungana na uwazi wa ndani ya paji la uso. Nje kuna ala ngumu ya keratini, protini ile ile ya kucha na nywele. Kati yake pana ngozi nyembamba yenye damu, na hiyo ndiyo inayooza na kunuka kwenye pembe ambazo hazikuvuliwa. Baada ya siku kadhaa majini, shika ala kwa kitambaa, izungushe huku na huku, uivute. Ikikataa, irudishe majini na ujaribu tena keshokutwa. Ikishatoka usiirudishe kwenye ndoo. Isugue ndani kwa sabuni na ikaushe kivulini, maana jua huikunja na kuipasua. Peroksaidi nayo isiiguse, huifubaza. Fuvu likiwa tayari, ala zinarudishwa juu ya viini vyake, na kipande cha pamba chenye gundi kinatosha kuzishika.

Meno rudisha kwa gundi nyeupe ya mbao. Ina faida moja kubwa: ukikosea jino, maji ya vuguvugu huilainisha. Ukiyapanga yale 8 ya mbele, yaangalie vizuri, kwa sababu ndiyo cheti cha kuzaliwa cha mbuzi wako. Jozi ya katikati ya meno ya kudumu, mapana kuliko ya utoto, huota mbuzi akiwa na mwaka mmoja au kuzidi kidogo. Jozi ya pili huja karibu na miaka miwili, ya tatu karibu na mitatu, ya nne karibu na minne. Ukiona jozi mbili pana katikati na mbili nyembamba pembeni, mbuzi huyo alichinjwa akiwa na kama miaka miwili. Mwanafunzi aliyeyahesabu kwa vidole vyake hahitaji kukariri.

Vanishi usiipake. Hufungia mafuta yaliyobaki, hugeuka njano, na kuiondoa ni kazi. Mfupa ukiwa dhaifu, gundi ile ile ya mbao ikizimuliwa kwa maji mengi na kupakwa kwa brashi inausaidia. Weka fuvu mbali na jua la dirishani, na kagua pembe mara kwa mara. Afrika tuna nondo, Ceratophaga vastella, ambaye mabuu yake hula keratini. Pembe za mizoga mbugani huonekana zimeota vijibomba vya udongo na uchafu wao, vimesimama vingi vingi. Ukiona vumbi jipya chini ya pembe, funga fuvu kwenye mfuko wa plastiki na uliweke kwenye friza kwa wiki mbili. Dawa ya kupulizia haifiki walipo.

Mwisho andika lebo. Ndani ya taya la chini, mahali pasipoonekana, andika namba kwa penseli, na namba hiyo iwe na ukurasa wake kwenye daftari: mbuzi wa aina gani, dume au jike, umri kwa meno, alichinjwa wapi na lini, ulilisafisha kwa njia gani. Makumbusho yanafanya hivyo kwa kila mfupa, kwa sababu fuvu lisilo na maelezo haya haliwezi kulinganishwa na lingine. Darasa likiwa na mafuvu matano ya mbuzi wa umri tofauti, yote yakiwa na lebo, mwalimu anaweza kuyapanga mezani kutoka kwa mdogo hadi mkubwa na kuwaachia wanafunzi watafute wenyewe kilichobadilika.